Abasomi wa Buganda na Maandalizi ya Somo la Kusoma

Walimu wengi wa Kiswahili nchini Uganda huanza somo la kusoma kwa kuandika ubaoni orodha ya msamiati mpya pamoja na maana zake. Wanafunzi hunakili, kisha kifungu husomwa. Makala haya yanaangalia historia ya usomaji katika nchi yetu ili kuonyesha kwamba orodha peke yake haitoshi. Msomaji huhitaji kwanza sababu ya kusoma.

Kusoma kabla ya shule

Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika jumba la Kabaka Suuna II katika miaka ya 1840. Mrithi wake, Mutesa I, aliyetawala kuanzia mwaka 1856 hadi 1884, alijifunza Kiarabu na Kiswahili na kuanza kufunga Ramadhani mwaka 1867. Wamisionari wa Kianglikana waliwasili mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki mwaka 1879. Alexander Mackay, aliyefika mwaka 1878, alianza kwa kutumia maandiko ya Kiswahili kwa sababu ya Kiganda yalikuwa hayajawa tayari. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896.

Vijana waliofuata dini hizo waliitwa abasomi, yaani wasomaji. Hata leo kitenzi cha Kiganda okusoma kina maana ya kusoma na pia ya kusali. Vijana hao hawakuwa na kamusi wala mtihani, na lugha waliyoanza kuisoma haikuwa ya mama zao. Hata hivyo walisoma kwa bidii, na baadhi yao waliuawa kwa ajili ya imani yao kati ya mwaka 1885 na 1887. Walikuwa na swali zito ambalo jibu lake waliamini limo katika maandishi. Hamu ilitangulia, msamiati ukafuata.

Msamiati huo nao haukupotea. Ekitabo, essaawa, ssabbuuni, emmeeza na eddirisa ni maneno ambayo mwanafunzi wetu anayezungumza Kiganda huyatumia kila siku.

Hamu ilivyopungua

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kipewe nafasi kubwa zaidi katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa II alipinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia hatima ya Kiganda. Baadaye Kiswahili kilisikika zaidi kambini kuliko darasani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, raia wengi walikihusisha na amri za askari. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005 kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Hapa ndipo penye hatari. Lazima inaweza kumleta mwanafunzi darasani, lakini haiwezi kumfanya afungue kitabu kwa hiari. Akipokewa na orodha ya maneno ishirini asiyoyahitaji, ataiona lugha hii kama amri nyingine.

Mfano wa somo

Tuchukue kifungu kuhusu msafara wa biashara kutoka Unyanyembe kwenda Buganda katika karne ya 19. Badala ya orodha, mwalimu aandike neno moja tu: hongo. Wanafunzi watasema mara moja kwamba hongo ni rushwa. Mwalimu awaambie kwamba wakati ule hongo ilikuwa ushuru ambao msafara ulilipa kwa mtawala ili upite katika nchi yake, tena hadharani. Kisha aulize: neno hili liliharibika lini, na kwa nini? Sasa wana jambo la kutafuta ndani ya kifungu.

Neno la pili ni mpagazi. Mwanafunzi anayejua okupakasa, yaani kufanya kibarua, yuko karibu na maana. Aachwe akisie mwenyewe. La tatu ni kauri. Fedha kwa Kiganda ni ensimbi, na simbi ndizo hizo kauri. Maneno matatu au manne ya namna hii, yanayobeba kiini cha kifungu, yanatosha. Mengine yatabainishwa na muktadha wakati wa kusoma.

Tahadhari moja ni kwamba kufanana kwa lugha hizi kunaweza kupotosha. Okuwona kwa Kiganda ni kupona, wala si kuona. Maneno ya aina hiyo yakiwamo katika kifungu, yafafanuliwe mapema. Aidha, katika darasa lenye wanafunzi wa Kiacholi, Kiteso au Kilugbara, mwalimu asitegemee Kiganda pekee. Awaulize wao wanaitaje saa, sabuni au kitabu.

Hitimisho

Abasomi wa kwanza walianza na swali wakaishia na maneno. Sisi mara nyingi tunaanza na maneno, na swali halifiki kabisa. Tukitumia dakika kumi za mwanzo kumpa mwanafunzi jambo analotaka kulijua, na kumwonyesha kwamba baadhi ya maneno ya kulijulia tayari yamo kinywani mwake, tutakuwa tumemrudishia hamu ambayo nchi hii iliwahi kuwa nayo.