Mackinnon: Karani wa Duka Aliyekodi Mwambao

Katika miaka ya 1870, wakati mazao ya mtama na ufuta ya Malindi na Mambrui yalipokuwa yakipakiwa majahazini, na pepo za kusi zikiyachukua hata bandari za Arabuni, hapana mwenye shamba aliyedhani kwamba forodha ya mji wake, na hukumu zake, na hata liwali wake, vyote vingekuja kukodishwa kwa mtu aliyejifunza kazi nyuma ya meza ya duka la vyakula katika mji mdogo wa Uskoti. Mtu huyo ni Sir William Mackinnon, na taarikhi ya mwambao wetu kuanzia mwaka 1887 hata 1895 haisomeki sawasawa asipojulikana yeye na namna alivyopata mali yake.

Alizaliwa Campbeltown mwaka 1823, na baada ya kutumika Glasgow alivuka bahari mwaka 1847 akaenda Bengal, akashirikiana na Robert Mackenzie katika biashara. Mwaka 1856 alianzisha kampuni ya meli kati ya Calcutta na Burma, ambayo mwaka 1862 iliitwa British India Steam Navigation. Siri ya ufanisi wake haikuwa chombo tu, bali mkataba: serikali ilimlipa ujira maalumu kwa kuchukua barua zake, shehena iwepo isiwepo, hata meli ikisafiri nusu tupu hasara haikuwa yake peke yake. Kwa mkataba wa namna hiyo, mwaka 1872 meli zake zikaanza kuja kutoka Aden hata Unguja, na watu wa pwani, waliozoea kungoja kaskazi na kusi, wakaona chombo kinachokuja kwa tarehe wala hakiulizi upepo unatoka wapi.

Kwa safari hizo alijuana na Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Unguja. Mazungumzo yao ya mwaka 1877 juu ya kukodisha nchi za bara hayakutimia. Lakini tarehe 24 Mei 1887, Wadachi walipokuwa wamekwisha kutia mguu, Sultani alilipatia shirika la Mackinnon idhini ya kutawala mwambao, kutoka mto Umba hata Kipini, kwa muda wa miaka 50. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akatoa hati ya ufalme, na shirika likawa Imperial British East Africa Company, Mackinnon akiwa rais wake. Bendera ilikuwa ile ile nyekundu ya Sultani, na hukumu zilitolewa kwa jina lake. Ila ushuru wa forodha ulihesabiwa na makarani wa Kampuni, nayo ikapiga sarafu zake, pesa za shaba zenye mwaka wa Hijiria 1306 na sura ya mizani.

Lakini kutawala si kuchukua shehena. Mashamba ya Malindi yalilimwa na watumwa, na wengi wao walikuwa wamekwisha kutoroka, wakajenga vijiji vyao msituni, au wakakimbilia misheni za Rabai na Freretown. Mabwana wao walipodai warudishwe, George Mackenzie, wakili wa Kampuni huku pwani, aliona ni salama zaidi kulipa, na mapema mwaka 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakakombolewa kwa fedha. Mwaka uliofuata Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni, alifuata mto Sabaki akijenga maboma, akafanya mpango watoro wa Makongeni na Fuladoyo wajikomboe kwa kazi za mikono yao. Huo ni mfano wa mambo ambayo mfanyabiashara hawezi kuyaandika katika daftari ya faida.

Kisha ikaja Uganda. Lugard alipelekwa huko kuzuia mataifa mengine, gharama zikapanda kuliko mapato yote ya forodha, na Kampuni ikaondoka Uganda mwishoni mwa mwezi wa Machi 1893. Miezi mitatu baadaye, tarehe 22 Juni, Mackinnon akafariki London. Huku pwani nako, mwezi wa Februari 1895 akafariki Salim bin Khamis, mkuu wa ukoo wa Mazrui wa Takaungu. Waingereza wakamweka Rashid bin Salim wakimwacha Mbaruk bin Rashid wa Takaungu aliyemzidi umri, na kwa sababu hiyo vikazuka vita vilivyounguza vijiji vya pwani hata Aprili 1896, Mbaruk mwingine, Mbaruk bin Rashid wa Gazi, alipovuka mpaka na watu wake kuingia nchi ya Wadachi.

Vita vilipokuwa vikiwaka, tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Kiingereza ilishika nchi, na Kampuni ikalipwa pauni 250,000. Katika hizo, 200,000 zilitoka katika fedha ambazo Wadachi walikuwa wamemlipa Sultani kwa pwani ya Tanganyika. Basi mwenye nyumba alitoa mali yake mwenyewe kumlipa mpangaji atoke, na nyumba isirudi mkononi mwake. Mackinnon, aliyetajirika kwa kuwa hasara yake ilibebwa na wengine, alibebewa hasara hata baada ya kufa, na safari hii mbebaji alikuwa mwambao. Kodi ya mwambao huo, ukanda wa maili kumi, iliendelea kulipwa Unguja, na shauri la mwambao halikukatwa mpaka mapatano ya mwaka 1963.

Sanamu ya Mackinnon iliyosimamishwa Mombasa ilirudishwa Uskoti baada ya uhuru. Jina lake limebaki katika kituo cha reli, Mackinnon Road, katika nyika kavu isiyosikia wimbi. Madereva na wasafiri husimama hapo mpaka leo, Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Lakini husimama kwa ajili ya kaburi la Sayyid Baghali Shah, mfanyakazi wa reli aliyetoka Punjab, wakaweka sadaka yao, wakaomba salama ya safari, wakaondoka, na yule mwenye jina la mahali asiulizwe na mtu.