Rejeta ya Shaba na Milima ya Nyambene

Rejeta ikifa katika Land Rover ya miaka ya 1970, mwenye gari huko Maua au Runyenjes ana njia tatu. Anaweza kuipeleka ile ile kwa fundi ifunguliwe, itiwe mirija mipya kati ya matangi yake ya zamani. Anaweza kutafuta rejeta ya gari jingine, pengine ya lori dogo la Isuzu, na kuchomea vishikizo vipya. Au anunue mpya ya alumini, iliyofungwa kwenye boksi. Muuza spea atamwambia hiyo ya tatu ndiyo akili ya leo. Hata hivyo, wengi Meru na Embu wameishi na ile ya kwanza kwa miongo kadhaa, na mtu wa mbali huona ubahili au kupenda vya kale. Mimi naona sababu nyingine. Rejeta ya shaba ndiyo kiungo kikubwa pekee cha gari ambacho ujuzi wa kukitibu ulikuwa tayari sokoni, kwa mtu asiyejua lolote kuhusu injini. Historia ya kiungo hicho ni historia ya mfua bati kuliko historia ya gari.

Tuanze na ardhi, maana ndiyo inayoua rejeta. Mito ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, hushuka upande wa mashariki kwa mabonde yaliyolala sambamba kama vidole vya mkono. Barabara ya zamani ya kutoka Embu kupitia Runyenjes na Chuka iliyakata mabonde hayo moja baada ya jingine: kushuka mtoni, kupanda, kushuka tena, mpaka ile ya Thuchi hadi Nkubu ilipojengwa na madaraja yake marefu. Mbele zaidi, kwenye vilima vya Nyambene, njia za mashambani hupanda kwenye udongo mwekundu unaoteleza mvua ya Machi inapoanza. Gari linalopanda hapo kwa gia ya kwanza likiwa na mzigo wa tani moja huenda mwendo wa mtembea kwa miguu. Upepo wa safari haupo. Injini inatoa joto lake lote, na hewa ya kuyapoza maji inavutwa na feni peke yake. Juu ya hayo, maji huchemka mapema milimani: kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka hupungua kwa karibu digrii moja. Katika mji wa Meru, ulioko kwenye mita 1,500 hivi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye digrii 95. Na gari linalobeba wapanda mlima kupitia msitu wa mianzi hadi lango la Chogoria, karibu mita 3,000 juu ya bahari, lingechemka kwenye digrii 90 kama si kofia ya rejeta inayoyabana maji. Kila pauni moja ya shinikizo kwenye inchi ya mraba huongeza karibu digrii moja na nusu. Kofia iliyochoka, kitu cha bei ndogo kuliko vyote chini ya boneti, ndiyo inayounguza gasketi za hedi.

Kule chini mambo ni mengine. Mbeere, Tharaka na nyika za Meru mashariki ni nchi ya joto na vumbi, ambako mbegu za nyasi hujaa kati ya mapezi ya rejeta mpaka hewa ikakosa pa kupita, na ambako maji ya visima mara nyingi yana chumvi inayoganda ndani ya mirija. Gari moja la biashara huenda likapita kote, juu na chini, katika juma moja: tope la Igembe Jumatatu, mbegu za nyasi za Ishiara Ijumaa. Kwa hiyo rejeta ya eneo hili haikuwa kifaa cha kufungwa na kusahauliwa. Ilifunguliwa, ikazibuliwa, ikafungwa tena, na kifaa kinachofunguliwa mara kwa mara lazima kiwe cha namna inayokubali kufunguliwa.

Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na ilikuja huku ikiwa gari la serikali. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wilaya za Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizozungukwa na polisi na askari, na mwananchi wa kawaida alilijua gari hilo kwa hofu kabla ya kulijua kwa faida. Waliolifahamu kwa uzuri ni wasomaji wa ng'ambo, kupitia picha za simba jike Elsa, aliyeachiliwa porini Meru na akafa mwaka 1961, akiwa amejilaza juu ya paa la Land Rover ya walezi wake, George na Joy Adamson. Baada ya uhuru gari lilishuka ngazi, kutoka kwa afisa hadi kwa chama cha ushirika wa kahawa, kutoka ushirika hadi kwa mfanyabiashara. Katika miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland huko Thika kikaanza kuunganisha magari humu nchini, Land Rover zikiwamo, na spea zikawa karibu zaidi. Inachekesha kidogo kwamba bodi yake ilitengenezwa kwa alumini, kwa sababu chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, huku rejeta ikiwa ya shaba. Fundi wa kijijini hakuweza kulehemu bodi, akaipigia riveti. Rejeta aliiweza.

Aliiwezaje? Tazama jinsi ilivyoundwa. Mirija na matangi ni ya shaba ya manjano, mapezi ni ya shaba nyekundu, na vyote vimeshikamanishwa kwa lehemu ya risasi na bati, ambayo huanza kuyeyuka kwenye digrii 183. Jiko la makaa hupita joto hilo bila taabu. Kinachohitajika ni chuma cha kulehemu kinachopashwa moto jikoni, asidi iliyotiwa vipande vya zinki ili kusafisha uso wa shaba, pipa la maji la kutazamia mapovu, na mkono uliotulia. Vitu hivyo vyote alikuwa navyo mtu aliyekaa sokoni akitengeneza koroboi kutokana na makopo, mipare ya mafuta, karai na birika. Kenneth King, katika kitabu chake cha 1977 kuhusu fundi Mwafrika, aliufuatilia ujuzi huo wa bati nchini Kenya na kuonyesha jinsi ulivyotoka kwa mafundi wa Kihindi ukaingia kwa Waafrika waliofanya kazi chini yao, kisha ukasambaa kwa kufunzana. Sheria ya leseni za biashara ya 1967, iliyowabana wafanyabiashara wasio raia, iliharakisha mabadiliko hayo katika miji midogo. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani waliandika ripoti juu ya Kenya na kuwataja watu wa namna hii kuwa sekta isiyo rasmi. Wenyewe wakajiita jua kali, jina lenye ukweli zaidi. Rejeta, kwa macho ya mtu huyo, ilikuwa koroboi kubwa: chombo cha kushika umajimaji kisivuje.

Hapa mtetezi wa alumini atasimama na hoja yake, nayo si hafifu. Ni kweli kwamba shaba nyekundu hupitisha joto kuliko alumini, karibu mara moja na robo tatu. Lakini mirija yenyewe ni ya shaba ya manjano, ambayo hupitisha joto kwa nusu tu ya alumini au pungufu, na kila kiungo kina tabaka la lehemu katikati. Rejeta ya alumini ina mirija mipana inayogusana na mapezi kwa eneo kubwa. Ni nyepesi, na ikiwa mpya inaweza kupoza vizuri kuliko ya shaba ya ukubwa ule ule. Viwanda vya Ulaya vilianza kuhamia huko miaka ya 1970, na havikukosea. Ila hesabu hiyo imepigwa siku ya kwanza, rejeta ikiwa safi. Alumini hujivika utando wa oksidi unaoikataa lehemu ya kawaida; kuunganisha kwake kiwandani hufanywa kwenye joto la digrii 600 hivi, na yenyewe huyeyuka kwenye 660. Dirisha la kufanyia kazi ni jembamba mno kwa mtu mwenye makaa. Matangi yake ya plastiki hupasuka kwenye ukingo, na plastiki iliyopasuka hurudi kwa gundi ya siku mbili. Tena alumini yataka kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu. Gari linalojazwa maji ya mtoni kwa debe kila linapochemsha litaila rejeta hiyo kutoka ndani, bila mtu kuona, mpaka siku inapotoboka mahali pengi kwa pamoja.

Hoja ya pili ni kwamba yote haya ni umaskini uliovikwa joho la hekima: watu walitengeneza kwa kuwa hawakuwa na fedha za kununua. Fedha zilihesabiwa, nani atabisha. Lakini itazame biashara ya miraa, ambayo haikuwa biashara ya maskini. Miraa huharibika ndani ya siku mbili hivi, na kwa miaka mingi ilikimbizwa kutoka Maua hadi Nairobi, kisha kwa ndege hadi Somalia na Uingereza, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014. Wafanyabiashara wake walinunua Hilux mpya za kukimbia kwenye lami, na hawakuzionea huruma. Walipotaka kufika shambani wakati wa mvua, walirudi kwa Land Rover kuukuu. Pale barabara ilipokuwa nzuri na duka la spea lilipokuwa karibu, walinunua kipya. Pale palipokuwa na tope na hakuna duka, walichagua kinachotibika. Huo ni uteuzi wa mtu anayejua saa moja ya kukwama inamgharimu nini.

Nisimsifu fundi kupita kiasi. Mvuke wa asidi na vumbi la risasi vimewadhuru watu wanaofanya kazi hiyo bila glavu wala barakoa, na watoto wanaocheza karibu na jiko lile. Mrija unaovuja mara nyingi huzibwa kabisa badala ya kubadilishwa. Ukizibwa mmoja, rejeta haisikii; ikizibwa kumi, imepoteza sehemu ya nguvu yake, ingawa haivuji tone. Themostati hung'olewa ati gari lisichemshe, na injini ya dizeli ikabaki baridi, ikila mafuta na kujichakaza. Tena Land Rover nyingi siku hizi zimewekewa injini za Isuzu, Nissan au Toyota, wakati injini ya dizeli ya lita 2.25 iliyokuwa humo mwanzoni ilitoa nguvu-farasi 62 tu. Joto limeongezeka, rejeta ni ile ile. Kwa gari la namna hiyo, kurudisha rejeta ya asili kwa ajili ya uasili wake ni kosa. Fundi aambiwe aongeze safu ya mirija, au itafutwe rejeta ya shaba ya lori lenye injini hiyo, na sanduku la feni litengenezwe upya ili hewa isipite kando.

Kuna jambo moja zaidi linalofanya uamuzi huu uwe mzito. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika kwa zaidi ya miaka 8, na Defender ya mwisho ya ukoo ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Gari la aina hii likifa Nyambene, haliji jingine. Wakati huo huo rejeta nzee zina bei kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, anayeipima shaba kwa kilo. Marufuku ya biashara hiyo iliyowekwa Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, ilidumu miezi michache tu. Basi wewe uliye na Land Rover inayochemsha Kangeta au Kianjokoma, anza na kofia, mkanda wa feni na mapezi kabla ya kuhukumu rejeta. Ikiwa imekufa kweli, pima kimo chake, nafasi iliyopo hadi kwenye feni, na mahali mipira ya maji inapoingilia, kisha agiza mirija mipya ya shaba. Na hata kama utaamua kununua ya alumini, yale matangi ya zamani usiyauze kwa kilo. Mwachie fundi wa rejeta, yatafaa gari la mwenzako.