Baba Yetu: Kiswahili Katika Mchezo wa Kompyuta

Diski hii ni Calling All Dawns, albamu ya mwaka 2009 ya Mmarekani Christopher Tin. Wimbo wa kwanza, "Baba Yetu", aliutunga kwa ajili ya Civilization IV, mchezo wa kompyuta wa 2005. Ulipopangwa upya uliimbwa na Soweto Gospel Choir pamoja na okestra ya Royal Philharmonic ya London. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili, sala inayosaliwa makanisani Kachibora, Kitale na Bungoma, nchini Kenya. Mwaka 2011 upangaji huo ulishinda tuzo ya muziki ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungiwa mchezo wa video. Fahari hiyo ni yetu pia, sisi wasemaji wa Kiswahili. Bonyeza kitufe usikilize kiongozi akiimba, kwaya ikimwitikia.