Meno ya Kifaranga

Kuku hana meno. Kinachomsagia chakula ni firigisi, ikisaidiwa na vijiwe anavyomeza. Mababu zake, kuku-pori wa Asia ya Kusini-Mashariki, walijiokotea. Huku Maua, kwenye udongo mwekundu wa Nyambene, mama kuku ndiye aliyefunza vifaranga kuchakura. Halafu tukaleta katoni na balbu, mama tukamwacha nje.

Kifaranga wa unga wa dukani pekee hahitaji changarawe. Ukianza kumpa majani au nafaka, mwekee iliyo ndogo kama mchanga mnene. Udongo nao uwe kidogo, mkavu, pasiponyea kuku wengine: vimelea vya kuhara damu hukaa humo. Mimi nilichota bandani. Nikazika sita. Kumbe kumwondoa mama ni kurithi kazi yake.