Watoaji wa Maneno na Waandishi Wake: Habari Kutoka Mbinga na Ufuko wa Ziwa Nyasa

Katika Liuli, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ndipo lilipo kaburi la Kasisi William Percival Johnson wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuzikalia nchi hizi za Afrika ya Mashariki kwa muda uliopita nusu karne. Zamani za Wadachi mahali hapo paliitwa Sphinxhafen. Leo pamo katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka ile ya Mbinga. Kazi kubwa anayokumbukwa nayo Johnson ni Biblia nzima katika Kinyanja cha Likoma, iliyopigwa chapa mwaka 1912, na kila itajwapo huitwa tafsiri ya Johnson.

Hapana sababu ya kumnyima heshima hiyo. Lakini yafaa kukumbuka kwamba Johnson alikuwa amepoteza jicho moja kwa maradhi tangu miaka ya 1880, na la pili halikuwa na nguvu. Mtu wa hali hiyo, ambaye tena Kinyanja alijifunza ukubwani, hakuweza kuifikisha mwisho kazi kubwa kama ile pasipo watu wa kumsomea, wa kumwandikia, na wa kumwambia kwamba neno hili halisemwi hivi. Watu hao walikuwako: walimu, mashemasi na wanafunzi wa misheni, wenyeji wa Likoma na wa ufuko wa mashariki. Mikono ilikuwa mingi, na jina lililobaki ni moja.

Suala la majina limerejea katika miaka hii kwa sura nyingine. Maandiko ya pamoja yanayotolewa kwa leseni huria, ambayo kwa wasomaji wa Kiswahili mfano wake mkubwa ni Wikipedia, hujengwa na watu wengi wasiojuana. Leseni huria ni ruhusa anayoitoa mwenye kazi mapema, kwa watu wote, ya kunakili kazi yake, kuibadili na kuieneza; naye hudai kwa kawaida jambo moja tu, kwamba atajwe. Malipo hayamo, kwa hiyo kutajwa ndiyo haki yote iliyobaki. Ndiyo maana swali la nani hutajwa, na nani husahauliwa, ni zito katika kazi hizo kuliko katika kitabu cha dukani. Kwa lugha kama Kimatengo, Kimanda na Kimpoto, ambazo maandishi yake ni machache, jibu lake halikuanza na intaneti.

Kimatengo kilipata kamusi yake ya mwanzo mwaka 1909, kwa mkono wa Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini, baada ya kutoa mwaka uliotangulia hadithi chache za Wamatengo katika jarida la Anthropos. Kamusi ile ilitolewa katika majarida ya Chuo cha Lugha za Mashariki cha Berlin. Ni kazi yenye manufaa hata leo, na mtaalamu anayechunguza Kimatengo hawezi kuipita. Hata hivyo kamusi ya lugha isiyoandikwa si kitu cha kubuniwa na mmoja. Kila neno lilitoka katika kinywa cha mtu fulani, mahali fulani. Pengine mtu huyo aliulizwa mara tatu, akacheka, akasahihisha. Kamusi hutaarifu maana, wala haitaarifu kinywa. Jambo hilo lina hasara ya kielimu pia, maana Kimatengo cha milimani na kile kilichokaribiana na Wangoni havilingani kwa kila neno. Jina la msemaji likipotea, hupotea na mahali pake.

Chuo hichohicho cha Berlin chatoa mfano ulio wazi zaidi. Humo alifundisha Carl Velten, na humo tangu mwaka 1900 hata 1905 alisaidia kufundisha Kiswahili Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo. Mwaka 1901 Velten alitoa kitabu cha safari za Waswahili, na waliosimulia safari zile akawataja kwa majina, akiwamo Mtoro. Mwaka 1903 akatoa kitabu cha desturi za Waswahili. Sehemu kubwa yake ilikuwa ya Mtoro, naye Velten hakulificha jambo hilo katika dibaji. Lakini jaladani lilisimama jina la Velten kuwa mkusanyaji, na kwa miaka mingi wataalamu walikitaja kitabu kwa jina hilo. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo Mtoro alipoandikwa kwenye anwani kuwa mwenye kitabu, pamoja na Waswahili wengine walioshiriki. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kufa Berlin mwaka 1927. Dibaji husomwa mara moja, nalo jaladi hunakiliwa daima: watu sabini na minane walipita kati ya 1903 na 1981 wakinakili jaladi, ikiwa kila mwaka utahesabiwa msomaji mmoja tu, na hesabu hiyo hakika ni ndogo mno.

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na njia nyingine. Upande wa mashariki wa ziwa hilohilo la Nyasa, kusini ya mpaka wa leo, Kasisi Yohana Abdallah wa Unangu aliandika kwa Kiyao historia ya watu wake. Kitabu kilipopigwa chapa Zomba mwaka 1919, jina la Abdallah lilitangulia kuwa la mtunzi, na Meredith Sanderson akaandikwa kuwa ndiye aliyekipanga na kukifasiri. Kila mmoja alipewa kile alichokifanya. Wote wawili walikuwa watu wa zama za ukoloni, na misheni ya Abdallah ndiyo ile ya Johnson. Tofauti haikutoka katika zama. Abdallah aliandika kwa mkono wake mwenyewe, na mwenye kuandika kwa mkono wake ni vigumu kumsahau.

Kamusi za Kiswahili chenyewe zilifuata njia ya tatu, ya kuuweka mbele umoja. Kamusi ya mwaka 1939 ilitolewa kwa jina la Kamati ya Lugha, chini ya uongozi wa marehemu Frederick Johnson (asichanganywe na yule wa Liuli), na ikaeleza waziwazi kwamba msingi wake ni kamusi ya Madan. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 nayo ilitoka kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jina la taasisi lina heshima yake, kwa kuwa humzuia mkubwa mmoja asijitwalie kazi ya wadogo zake. Lakini taasisi haina kijiji wala umri, na aliyeleta neno kutoka pembe fulani ya nchi hawezi kuonekana ndani yake.

Uchunguzi wa Vita vya Majimaji uliofanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya Gilbert Gwassa na John Iliffe, wastahili kukumbukwa hapa kuliko unavyokumbukwa. Wanafunzi walirudi makwao kuuliza wazee. Kila karatasi ilichukua jina la mwanafunzi aliyeiandika, na mahojiano yalihifadhiwa moja moja, kwa namba na kwa majina ya waliohojiwa. Kuhusu Ungoni, jirani ya Umatengo, kilitoka kijitabu cha Mapunda na Mpangara mwaka 1969. Hivyo leo mtu akitaka kujua habari fulani ya Songea ilisemwa na nani, yuko mahali pa kuanzia. Kazi ile ilifanywa kwa mashine ya taipu na karatasi za kurudufu.

Sasa zitazamwe leseni zenyewe. Wikipedia ilipoanza mwaka 2001 ilitumia leseni ya GNU iliyoundwa kwa ajili ya vitabu vya maelezo ya programu. Leseni hiyo ilimtaka anayetoa toleo jipya aandike katika ukurasa wa anwani watunzi wakuu wasiopungua watano, au wote ikiwa hawafiki watano, na kuihifadhi sehemu iitwayo Historia. Ni sharti la watu waliozoea vitabu: watano kwenye anwani, wengine ndani. Kwa makala iliyoguswa na watu mia nne lilikuwa sharti gumu, maana ni nani atakayewachagua wale watano? Mwaka 2009 Wikipedia ikahamia leseni ya Creative Commons, inayotaka wahusika watajwe kwa namna inayofaa chombo kinachotumika; na ikakubaliwa kwamba kiungo cha kuelekea kwenye makala chatosha, kwa kuwa nyuma ya kila makala upo ukurasa wa historia unaoonyesha kila badiliko, saa yake na jina la aliyelifanya.

Ukurasa huo wa historia ni chombo bora kuliko vyote vilivyotajwa hapo juu. Lau Johnson angaliandika ndani yake, kila shemasi aliyesahihisha mstari angalionekana, mradi shemasi huyo awe ameuandika yeye mwenyewe. Na hapo ndipo ulipo upungufu. Historia ya makala yamjua aliyebonyeza herufi. Haimjui aliyesema. Kiswahili kina maneno mengi ya kutenga kazi hizi: mtunzi, msimulizi, mwandishi, mnakili, mkusanyaji, mfasiri. Washairi wa pwani walizoea kujitaja katika beti za mwisho wa utenzi ili mnakili asichukuliwe kuwa ndiye mtunzi. Mashine ina neno moja tu kwa wote, mchangiaji, na huwapima kwa wingi wa herufi. Aliyeondoa nafasi zilizozidi katika makala mia moja huonekana mara mia moja. Hata mfasiri aliyehamisha makala ya Kiingereza bila kutaja alikoitoa huonekana kuwa ndiye chanzo chake, ingawa kanuni zamtaka ataje.

Mfano wa Mbinga utalidhihirisha jambo hili. Wamatengo hulima katika miteremko mikali kwa mashimo yaitwayo ngoro. Majani hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokingamana hata ifanye miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya mraba na kutupwa juu ya majani, shimo likabaki, na mazao yakapandwa juu ya matuta yanayolizunguka. Mvua ikinyesha, maji hutuama mashimoni, udongo hauteremki, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Kwa desturi wanaume hukata na kupanga majani, na wanawake hufunika kwa udongo na kupanda. Wataalamu wa kilimo kutoka Morogoro, Japani na kwingineko wameandika mengi juu ya ngoro tangu miaka ya 1990, na pamoja nayo maneno ntambo, yaani kipande cha mlima kinachokaliwa na ukoo, na sengu, mkutano wa ndugu wa kula na kushauriana pamoja.

Mtu akitaka kuandika makala ya ngoro katika Wikipedia ya Kiswahili, kanuni humtaka ategemeze maelezo yake juu ya maandiko yaliyokwisha chapishwa. Kanuni ni nzuri, huzuia uzushi. Lakini tazama majina yanakwenda wapi. Tanbihi hubeba jina la mtaalamu. Ukurasa wa historia hubeba jina la aliyeandika makala. Mwanamke wa Umatengo aliyemweleza mtaalamu kwa nini udongo wa chini hutupwa juu hayumo katika tanbihi wala katika historia. Na akiwa yeye mwenyewe ana simu na anajua kuandika, akaongeza sentensi moja aijuayo kwa mikono yake, sentensi hiyo yaweza kufutwa kwa kuwa haina chanzo. Wakati mwingine yeye mwenyewe ndiye chanzo cha chanzo kile kinachokubaliwa.

Yupo atakayejibu kwamba elimu ya ngoro ni ya Wamatengo wote, hivyo yatosha kuwataja Wamatengo. Jibu hilo lina nguvu. Kanuni za mfano zilizotolewa na UNESCO na WIPO mwaka 1982 juu ya sanaa za jadi zinataka jamii au mahali pa asili patajwe, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inazilinda sanaa za jadi. Lakini kutaja kabila ni kama kutaja taasisi: ni haki kwa wote na si habari ya yeyote. Tena mtu aliyebuni msemo, au aliyekumbuka neno ambalo majirani wamelisahau, ametenda jambo ambalo kabila zima halikutenda. Kwa upande mwingine si kila mtu hutaka kutajwa. Yuko anayesema jambo la ukoo kwa sharti la kufichwa jina, na kumtaja huyo ni kumdhulumu. Kwa hiyo ni lazima aulizwe, na kuuliza ndiko ambako mara nyingi hakufanyiki.

Majaribio yamekwisha kufanywa. Mwaka 2011 Wikimedia iligharimia mpango wa kupokea ushahidi wa mdomo kuwa chanzo, huko India na Afrika Kusini. Chombo kiitwacho Lingua Libre, kinachorekodi matamshi ya maneno kwa leseni huria, humtenga msemaji na yule aliyeshika kinasa sauti: mtu mmoja mwenye akaunti aweza kurekodi wasemaji wengi, na kila sauti ikaandikiwa msemaji wake na lugha yake. Hilo ndilo alilolikosa Häfliger mwaka 1909, na halihitaji mabadiliko ya leseni yoyote. Katika makala za maandishi ipo nafasi ya muhtasari wa badiliko, ambayo wengi huiacha tupu au huandika neno "sahihisho". Nafasi hiyo hupokea herufi 500. Jina la aliyesema, kijiji chake, tarehe ya mazungumzo na ridhaa yake ya kutajwa hazifiki 200.