Madai ya afya kwenye lebo za vyakula: Yanayoruhusiwa na yanayokatazwa

CHUPA ya mafuta ya kupikia inayouzwa katika maduka ya humu nchini aghalabu huwa na maandishi makubwa yanayomhakikishia mnunuzi kwamba ndani yake hamna kolesteroli. Maandishi hayo ni ya kweli. Kolesteroli, au lehemu kama wengine waiitavyo, hutengenezwa katika miili ya wanyama. Katika mimea kiasi chake ni kidogo mno hata hakihesabiki. Mafuta ya mawese, ya alizeti, ya mahindi, ya soya na ya nazi hayakuwa nayo tangu hapo, yawe ya bei ghali au ya bei nafuu.

Hata hivyo, mtu aliyeonywa na daktari kuhusu moyo wake anaweza kuongeza shilingi kadhaa ili apate chupa hiyo badala ya ile isiyojitapa, akiamini amejinunulia kinga. Akifika nyumbani, huenda akamimina mafuta mengi kuliko alivyozoea, maana ameambiwa hayana madhara.

Kanuni za madai ya afya kwenye lebo za vyakula zilitungwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Hazitosheki kuuliza iwapo neno lililoandikwa ni kweli. Huuliza pia mnunuzi wa kawaida atalielewa vipi.

Chimbuko la kanuni zinazofuatwa katika mataifa mengi ni Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) pamoja na Shirika la Afya Duniani (WHO). Tume hiyo ilitoa mwongozo wa jumla kuhusu madai ya vyakula mwaka 1979, kisha mwongozo wa madai ya lishe mwaka 1997, ambao baadaye ulipanuliwa kuhusisha madai ya afya. Kenya na majirani zake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wana viwango vya pamoja kuhusu suala hili, hasa EAS 804 kinachohusu madai kwa jumla na EAS 805 kinachohusu madai ya lishe na afya. Hapa nchini viwango husimamiwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Juu ya viwango hivyo ipo Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali (Sura ya 254), inayofanya kuwa kosa kufungasha, kuweka lebo au kutangaza chakula kwa namna ya uongo au ya kupotosha kuhusu asili yake, thamani yake, ubora wake au usalama wake.

Kanuni hutofautisha aina za madai, na tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Dai la kwanza husema kilichomo: "lina kalisi nyingi", "halina sukari". La pili hueleza kazi ya kirutubishi mwilini: kalisi husaidia kujenga mifupa na meno. La tatu huthubutu kutaja ugonjwa, kwa kusema kwamba chakula fulani, kikiwa sehemu ya mlo unaofaa, chaweza kupunguza hatari ya kupatwa na maradhi fulani. Kadiri dai linavyousogelea ugonjwa, ndivyo ushahidi unaodaiwa unavyozidi kuwa mzito.

Mpaka usiovukwa ni wa tiba. Codex inakataza chakula kudaiwa kwamba kinafaa kuzuia, kutuliza au kuponya ugonjwa, isipokuwa pale ambapo viwango vyake au sheria za nchi zimeruhusu waziwazi. Unga wa mlonge unaouzwa kama chakula ni chakula; ukiandikwa kwamba unaponya kisukari, umeingia katika mamlaka ya Bodi ya Dawa na Sumu, ambako bidhaa haipiti bila kusajiliwa. Hatari ya dai kama hilo haiishii mfukoni. Mgonjwa wa kisukari anayeacha dawa zake kwa sababu ya maneno ya kwenye kopo anaweza kuzirai, kupoteza macho, au kufa.

Madai ya aina ya kwanza ndiyo yaliyo mengi madukani, na hayo yamewekewa vipimo. Kwa mujibu wa Codex, chakula kigumu huitwa chenye mafuta kidogo ikiwa hakizidishi gramu 3 za mafuta katika kila gramu 100, na kinywaji kisizidishe gramu 1.5 katika mililita 100. "Bila mafuta" au "bila sukari" maana yake ni kiasi kisichozidi gramu 0.5. Chakula kinachojiita chenye nyuzinyuzi nyingi lazima kiwe na angalau gramu 6 katika gramu 100. Kuhusu chumvi kinachopimwa ni sodiamu, na kikomo cha "kidogo" ni gramu 0.12 katika gramu 100.

Neno la kulinganisha ndilo lenye mtego zaidi. Mtengenezaji anayeandika "mafuta yamepunguzwa" anapaswa kuonyesha amelinganisha na nini, na tofauti isipungue asilimia 25. Tuseme krispi za viazi zilikuwa na gramu 35 za mafuta katika kila gramu 100, naye akazishusha hadi gramu 26. Ametimiza sharti na ana haki ya kujisifu. Lakini gramu 26 ni karibu mara tisa ya kikomo cha "mafuta kidogo". Mnunuzi asiyegeuza pakiti na kusoma jedwali la nyuma hatajua kwamba kupunguzwa na kuwa kidogo ni mambo mawili.

Juisi nayo ina hila yake. "Haikuongezwa sukari" haina maana ya kutokuwa na sukari, kwa kuwa embe na chungwa vina sukari yao wenyewe. Umoja wa Ulaya unataka tahadhari hiyo iandikwe kando ya dai lenyewe ikiwa chakula kina sukari ya asili.

Tukirudi kwenye chupa ya mafuta, Codex ina masharti mawili yanayoihusu. La kwanza ni kwamba sifa inayopatikana katika vyakula vyote vya jinsi moja haiwezi kudaiwa kuwa ya bidhaa moja, ila dai lenyewe likiweka wazi kwamba zote zina sifa hiyo. Yaani "mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli" ni kauli ya haki. "Mafuta yetu hayana kolesteroli" ina walakini. Sharti hilo lafaa kukumbukwa hata kuhusu maneno "yameongezwa vitamini A", kwa sababu tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inalazimisha mafuta ya kupikia yanayofungashwa yaongezwe vitamini hiyo, sawa na unga wa mahindi na wa ngano unavyolazimika kuongezwa virutubishi.

Sharti la pili ni kali zaidi, na ni nadra kutajwa. Ili chakula kiitwe kisicho na kolesteroli, Codex haitazami kolesteroli peke yake. Hutazama pia mafuta shibe, yaani yale yenye tabia ya kuganda, ambayo ndiyo yanayochangia kwa kiasi kikubwa kupandisha kolesteroli katika damu. Kikomo ni gramu 1.5 za mafuta shibe katika gramu 100 za chakula kigumu, au gramu 0.75 katika mililita 100 za kimiminiko. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni mafuta shibe. Mafuta ya nazi, yanayopendwa sana Pwani, yamepita asilimia 80. Hata alizeti ina takriban gramu 10 katika 100. Kwa kipimo hicho hakuna mafuta ya kawaida ya kupikia yanayostahili dai hilo, ingawa kila neno lake ni kweli.

Wazo kwamba kauli ya kweli yaweza kukatazwa huwaudhi wafanyabiashara, na limewahi kufika mahakamani. Kampuni ya Kijerumani ya Dextro Energy, inayotengeneza vidonge vya glukosi, iliomba kuandika kwamba glukosi husaidia mwili kupata nguvu. Wanasayansi wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) walikubali kwamba uhusiano huo upo. Mnamo 2015 Tume ya Ulaya ilikataa hata hivyo, ikisema dai hilo lingewahimiza watu kula sukari ilhali wataalamu wa afya wanawasihi waipunguze. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliunga mkono uamuzi huo mwaka 2016, na rufaa ya kampuni ikatupwa mwaka 2017.

Ulaya ndiyo iliyofanya mchujo mkali kuliko wote. Baada ya kupitishwa kwa Kanuni ya 1924 ya mwaka 2006, nchi wanachama ziliwasilisha madai yapatayo 44,000 yaliyokuwa yakitumika au kutamaniwa. Yalipounganishwa yale yanayofanana, yalibaki 4,637. Mwezi Mei 2012 orodha ya yaliyoruhusiwa ilipotoka, ilikuwa na madai 222 tu. Madai mengi ya mitishamba yaliwekwa kando bila kuamuliwa. Kanuni hiyo pia inakataza kutaja kilo ambazo mlaji atapungua, kutumia pendekezo la daktari mmoja kama ushahidi, na kutoa dai lolote la afya kwenye kinywaji chenye kileo kinachozidi asilimia 1.2. Msafirishaji wa majani chai au asali kutoka Kenya anayetaka kufungasha kwa soko hilo hana budi kuifuata.

Marekani ilianza kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1984 kampuni ya Kellogg, ikiungwa mkono na Taasisi ya Kitaifa ya Saratani ya nchi hiyo, iliandika kwenye pakiti za All-Bran kwamba mlo wenye nyuzinyuzi nyingi ungeweza kupunguza hatari ya aina fulani za saratani. Hadi wakati huo, chakula kilichotaja ugonjwa kilichukuliwa kuwa dawa isiyosajiliwa. Washindani walifuata nyayo, rafu zikajaa madai, na mwaka 1990 Bunge la Congress likapitisha sheria ya lebo za lishe iliyowapa wadhibiti uwezo wa kuidhinisha dai moja moja. Mojawapo ya yaliyokubaliwa, mwaka 1997, lilihusu nyuzinyuzi za oti ziitwazo beta-glukani na maradhi ya moyo. Liliambatanishwa na kiasi: gramu 3 kwa siku, katika mlo wenye mafuta shibe na kolesteroli kidogo. Bila kiasi hicho, kijiko kimoja cha oti ndani ya biskuti kingetosha kuipamba pakiti nzima kwa picha ya moyo.

Kuhusu watoto wachanga, kanuni hazina simile. Codex hairuhusu madai ya lishe wala ya afya kwenye vyakula vya watoto wachanga na wadogo, ila pale viwango husika au sheria ya nchi zimeruhusu. Sababu ni wazi: kopo la maziwa ya unga linaloahidi akili nyingi hushindana na titi la mama, ambalo halina lebo. Kenya ilipitisha sheria yake ya kudhibiti bidhaa zinazotumiwa badala ya maziwa ya mama mwaka 2012.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Anayeshuku dai anaweza kuliwasilisha kwa KEBS au kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti yake. Asitupe pakiti wala risiti, na anakili nambari ya toleo iliyopigwa chapa karibu na tarehe ya kuharibika, kwa kuwa ndiyo inayowawezesha wakaguzi kufuatilia bidhaa hadi kiwandani. Alama ya ubora ya KEBS iliyo kwenye pakiti hiyo huonyesha kwamba bidhaa imetimiza kiwango kilichowekwa cha jinsi yake. Haithibitishi kwamba anayeila atapona chochote.