Mwandishi na Mgeni katika Historia ya Kitui na Makueni

Fikra kwamba mtunzi wa hadithi anahitaji mlango wa kufunga na siku nyingi za ukimya, na kwamba mgeni anayebisha hodi bila taarifa ni hasara kwa kazi yake, ni fikra changa katika Ukambani, yaani nchi ya Wakamba iliyo mashariki ya Nairobi ambayo leo imegawanyika katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui. Iliingia pamoja na kalamu, karatasi na vitabu vya misheni, na umri wake haujatimiza miaka mia mbili. Kabla ya hapo utunzi ulikuwa kazi ya jioni na ya watu wengi, na mgeni, hasa yule asiyetarajiwa, alikuwa miongoni mwa waliouendesha. Mgongano wa desturi hizi mbili unaweza kufuatwa katika maandishi tangu mwaka 1849, na ajabu yake ni kwamba mmoja wa waandishi wa mwanzo kabisa kukosa utulivu wa kuandika katika nchi hiyo alikuwa yeye mwenyewe mgeni aliyefika bila kualikwa.

Ili mgongano huo ueleweke, ni lazima kwanza ielezwe thome, uwanja wa wanaume uliokuwa mbele ya lango la boma la Mkamba, ambapo moto uliwashwa jioni na wazee wakaketi kuzungumza, kuvuta ugoro na kuamua mashauri. Msafiri aliyefikiwa na giza njiani hakuingia moja kwa moja nyumbani mwa mtu, bali alifikia thome, akaulizwa atokako na mbai yake, yaani ukoo wa baba, kwa kuwa ukoo mmoja ulitawanyika kutoka milima ya Mbooni na Kilungu upande wa Makueni hadi nyanda za Kitui ng'ambo ya mto Athi, na mtu asiyejulikana kwa sura aliweza kugundulika kuwa ndugu kwa jina la ukoo tu. Baada ya hapo alipewa isyo, chakula cha mahindi na maharage au kunde vilivyochemshwa pamoja, naye akatoa alichokuwa nacho, ambacho aghalabu kilikuwa habari: mvua imenyesha wapi, ng'ombe wametekwa na nani, msafara gani umerudi salama kutoka pwani. Katika nchi ambayo mvua hukosekana mara kwa mara, habari za namna hiyo hazikuwa za kupitisha wakati. Familia ziliamua kuhama au kubaki kwa kuzitegemea, na yule aliyekuwa mgeni mwaka huu aliweza kuwa mwenyeji mwaka ujao.

Ndani ya nyumba, ambako akina mama na nyanya walipika huku watoto wakingoja chakula, zilisimuliwa hadithi ambazo John Mbiti, mwanazuoni mzaliwa wa Kitui, alizikusanya baadaye kwa idadi ya takriban 1,500. Msimulizi aliyesahau au aliyekwama hakuachwa peke yake na ukame wake, kwa sababu wasikilizaji, ambao wengi walikwisha kuisikia hadithi hiyo, walimkumbusha, wakaitikia wimbo uliokuwa ndani yake, na wakati mwingine wakamsahihisha bila huruma. Mgeni alikuwemo hata katika hadithi zenyewe. Mhusika mmoja maarufu ni eimu, zimwi ambalo hujigeuza kijana mtanashati, likatokea ngomani bila mtu kujua litokako, likamvutia msichana aliyekwisha kuwakataa vijana wa kwao, na kumchukua hadi makaoni kwake ambako sura yake halisi hufichuka. Neno hilohilo, katika wingi wake aimu, lilitumika pia kwa roho za waliofariki, ambao Mbiti anaeleza kwamba walidhaniwa kuzitembelea familia zao, wakatambuliwa kwa majina na kutengewa chakula, ingawa ziara zao hazikupokewa kwa furaha kubwa na zilipozidi ziliudhi. Ukarimu wa Wakamba, basi, haukuwa wa kijinga: ulijua kwamba anayebisha hodi anaweza kuwa ndugu, mfanyabiashara, marehemu au zimwi, na njia ya kumtambua ilikuwa kumkalisha katikati ya watu na kumsemesha.

Upweke nao ulikuwepo, lakini ulikuwa wa kazi nyingine. Vijana walikaa kwa miezi katika syengo, vituo vya mifugo vilivyokuwa mbali katika mbuga za malisho, na warina asali walizunguka porini kukagua mizinga yao ya magogo. Katika jando la pili, lililoitwa nzaiko nene, vijana walitengwa na jamii na kufunzwa nyimbo na mafumbo, na miongoni mwa mafumbo hayo yalikuwemo yaliyochongwa kwa alama juu ya fimbo, ambayo walitakiwa kuyafasiri. Alama hizo ndizo kitu kilicho karibu zaidi na maandishi katika Ukambani ya kale, na inafaa kuangaliwa kwamba zilisomwa na kundi, mbele ya wakufunzi, wala hazikusomwa na mtu aliyejifungia. Aliyejitenga bila sababu inayojulikana, akakaa kimya mahali pa faragha na kukwepa mazungumzo, alijiweka karibu na tuhuma ya uoi, yaani uchawi wa kudhuru.

Hayo ndiyo mazingira aliyoyakuta Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa shirika la Kianglikana la Church Missionary Society, alipotoka kituo chake cha Rabai karibu na Mombasa mwezi Novemba 1849 na kufika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilikwenda pwani. Kivoi alimpokea vizuri, na tarehe 3 Desemba mwaka huohuo Krapf aliuona Mlima Kenya kwa mbali akiwa katika nchi hiyo, jambo lililompatia umaarufu na pia dhihaka za wanajiografia wa Ulaya ambao hawakukubali kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Krapf hakuwa mtunzi wa riwaya, lakini alikuwa mwandishi kwa kila maana ya neno hilo: aliandika shajara kila siku, alikusanya misamiati, na tafsiri yake ya Injili ya Marko kwa Kikamba ilichapishwa Tübingen mwaka 1850.

Mwaka 1851 alirudi akikusudia kukaa, akafikia Yatta, uwanda mrefu wa miamba ya volkano unaotandaa kandokando ya mto Athi, ili aanzishe kituo cha misheni. Hapo ndipo kalamu yake ilipokwama. Katika kitabu cha safari zake, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1858 na kwa Kiingereza mwaka 1860, analalamikia kibanda duni alichopewa, ambamo hakuweza kusoma wala kuandika kwa utulivu, na umati uliomjia kwa udadisi na maswali. Malalamiko yake ni ya kweli, na mtu yeyote aliyewahi kuandika atamhurumia. Lakini wenyeji wake hawakuwa wakimtesa, kwa kuwa walimtendea kama mgeni anavyotendewa: walimjia, walimuuliza, walitaka habari zake, na walishindwa kuelewa ni kwa nini mtu aliyesafiri mbali namna hiyo atake kuinamia karatasi badala ya kuzungumza. Kuhusu karatasi zenyewe, huenda baadhi yao walizishuku kuwa za uchawi.

Aidha, mazungumzo yaliyomwibia Krapf saa za kuandika ndiyo yaliyokijaza kitabu chake. Habari za mlima wenye weupe kileleni alizipata kwa Kivoi kabla ya kuuona kwa macho, na nyumbani kwa Kivoi alikutana na Rumu wa Kikandi, mgeni mwingine aliyetoka nchi ya Uembu, karibu zaidi na mlima, ambaye alimweleza mengi juu yake na juu ya watu wa upande ule. Maelezo hayo yangeondolewa, safari ya 1849 ingebaki orodha ya vituo na kiu. Safari ya pili haikuwa na bahati hiyo, kwani Kivoi aliuawa Agosti 1851 karibu na mto Tana, Krapf akatoroka peke yake akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki, na alipofika kijijini kwa Kivoi akaona kwamba jamaa wa marehemu wanamlaumu kwa kutomlinda mwenyeji wake, akaondoka usiku. Kituo cha Yatta hakikujengwa.

Misheni zilirudi miaka arubaini baadaye. Walutheri wa Kijerumani walianza Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo cha Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka 1895, akafa mwishoni mwa mwaka uliofuata. Zilileta chumba chenye meza na saa ya masomo, pamoja na wazo kwamba usomaji ni tendo la faragha kati ya mtu na Mungu wake. Muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alifika pia Gerhard Lindblom, mtaalamu wa Kiswidi wa mila za watu, ambaye hakuomba kuachwa peke yake; aliketi, akasikiliza, na matokeo yake ni kitabu kikubwa juu ya Wakamba pamoja na mikusanyo ya ngano zao. Kwa kipimo cha kazi iliyozaliwa, njia yake ilikuwa ya busara zaidi kuliko ile ya Krapf.

Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931 katika eneo la misheni iliyoanzishwa na Walutheri na baadaye kuchukuliwa na Africa Inland Mission, alirithi pande zote mbili. Mwaka 1954 alichapisha Mũtũnga na Ngewa Yake, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi ndefu vilivyotungwa kwa Kikamba na Mkamba mwenyewe, na mwaka 1966 ukafuata mkusanyo wa ngano, Akamba Stories. Jina la kitabu cha kwanza linamtaja mtu na ngewa yake, neno ambalo kwa Wakamba hubeba hadithi, habari na mazungumzo kwa pamoja.

David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, wakati Makueni ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Machakos, alifuata njia nyingine. Katika miaka ya 1970 alianzisha Nairobi kampuni yake ya uchapishaji, Comb Books, akauza kwa bei nafuu vitabu vya Kiingereza kama My Dear Bottle na After 4.30, ambavyo vilipigwa marufuku Tanzania na kununuliwa kwa wingi Kenya. Wahakiki wa vyuo vikuu walivishambulia kwa maudhui ya ngono na ulevi, na mara nyingi walikuwa na haki, ila walikosa kuona umbo lake: karibu vyote ni sauti ya mtu anayewasemesha wengine bila kukoma, mlevi mbele ya chupa yake au karani akieleza ya ofisini, kama kwamba msikilizaji ameketi kando yake na anaweza kumkatiza. Baadaye Maillu aliandika Broken Drum, iliyotoka mwaka 1991, riwaya ya zaidi ya kurasa 1,000 juu ya historia ya Wakamba, na hapa ni dhahiri kwamba mlango ulifungwa, kwa maana kazi ya urefu huo haiandikwi kando ya moto wa thome.

Mbiti naye aliufunga mlango wake mbali zaidi. Aliishi Burgdorf, Uswisi, alikokuwa mchungaji na baadaye mstaafu, na huko aliifanya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Tafsiri hiyo ilichapishwa Kenya mwaka 2014, miaka 164 baada ya Marko ya Krapf na miaka mitano kabla ya Mbiti mwenyewe kufariki, na iliwalenga wasomaji wa Kitui, Makueni na Machakos, ambako Maandiko husomwa kwa sauti mbele ya watu waliokusanyika.